Mabakuli Matupu ya Mama Fusae

Aliyeligundua jambo hili mapema hakuwa hata mla rameni. Ni yule jamaa anayejaza mashine ya vinywaji iliyosimama nje ya duka la Mama Fusae, hapa kwetu Ichijoji, kaskazini mwa Kyoto. Ilikuwa mwezi wa tatu, baridi bado inang'ata masikio. Akafungua mlango wa mashine yake, akachungulia, akaufunga, akaufungua tena kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta makabati hayapo.

"Dada," akaniuliza, "mtaani hapa kuna mashindano ya mbio?"

"Hakuna."

"Bomba la maji limepasuka?"

"Wala."

"Sasa chupa zote za maji zimekwenda wapi tangu juzi? Hata mwezi wa nane, jua la kuchoma paka, hamnywi hivi!"

Nilijua zimekwenda wapi. Moja ilikuwa mkononi mwangu, nayo ilikuwa ya tatu, na saa saba ya mchana haijafika. Nikamwambia watu wa Kyoto wanapenda maji. Akanitazama. Mimi nimezaliwa Osaka, na ingawa huu ni mwaka wa tano naishi hapa, uongo wa kistaarabu haujanikolea.

Ukweli ni kwamba supu ya Mama Fusae ilikuwa imegeuka bahari, na mtaa mzima ulikuwa unainywa mpaka chini ya bakuli bila mtu kukunja uso.

Ngoja kwanza nimseme Mama Fusae, maana bila kumjua yeye mtatuona sote wendawazimu.

Fusae Minowa ana miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye mabega ya mpakia magunia. Si mtu wa hapa. Alikuja kutafuta kazi akitokea Miyazaki, kule kusini ambako mtu akisema chakula kibaya anamaanisha chakula kibaya. Miaka ishirini na miwili alisukuma kigari cha chakula hospitalini, anapeleka sahani wodini, anazirudisha jikoni. Wenzake walikuwa wanazimwaga tu. Yeye alikuwa anazisoma.

"Mgonjwa atakwambia, chakula kitamu sana mama, asante," husema, "halafu sahani inamsuta palepale."

Kwa mabaki alimjua anayepona, alimjua aliyeanza kukata tamaa, na alimjua anayeletewa keki kwa siri na shangazi yake. Anadai kulikuwa na daktari aliyemvizia kwenye lifti kila asubuhi, amuulize hali ya chumba namba nane kabla hajaenda kukiona. Ushahidi sina, lakini sababu ya kubisha sina pia.

Alipofika miaka arobaini na tisa akakiacha kigari, akachukua akiba yake, akafungua duka la viti tisa. Anauza kitu kimoja tu: rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu nzito ya kuku. Supu ile haina siri, ina adhabu. Ni mifupa ya kuku, miguu ya kuku, maji, na moto mkali usiopunguzwa kwa saa sita, huku yeye amesimama juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kafi, anakoroga isishike chini. Wengine huchemsha kwa upole wapate supu angavu. Yeye anaipiga mpaka mafuta na maji yasalimu amri, yawe kitu kimoja cheupe kama maziwa, kinachong'ang'ania tambi kama mkwe asiyetaka kuaga.

Na haitazami sana. Anaisikiliza. Mimi nimepanga chumba cha juu ya duka, sakafu nyembamba, kwa hiyo nimefundishwa nitake nisitake. Alfajiri sufuria husema chwachwachwa, kama mvua juu ya bati. Kwenye saa tatu huanza kwata kwata kwata. Ikikaribia saa nne husema bwata… bwata… kwa uvivu, kama mtu mnene anapanda ngazi, na hapo Mama Fusae huzima moto hata kama yuko kwenye simu na mwanawe.

Chumvi ni habari nyingine. Chumvi haiingii kwenye sufuria, inakaa pembeni ndani ya sosi anayoipika mwenyewe kwa soya, mwani na dagaa wakavu. Upawa mdogo mmoja wa sosi chini ya bakuli, supu juu yake, tambi, vipande vya kuku, majani ya kitunguu. Basi.

Ukutani, kando ya mashine ya tiketi za kulipia chakula, amebandika karatasi aliyoiandika kwa brashi siku aliyofungua duka: SIKU MABAKULI KUMI YATAKAPORUDI NA SUPU NITASHUSHA PAZIA LA MLANGONI NIENDE ZANGU.

Kwingine mtu hula tambi akaiacha supu, na si dhambi. Wengine wamekatazwa na daktari. Lakini mbele ya karatasi ile, kuacha supu ni kama kumbebea mtu mizigo yake na kumwekea barabarani. Basi kwa miaka kumi na miwili watu wameinua mabakuli kwa mikono miwili, wakanywa mpaka mwisho, wakayapandisha wenyewe kwenye ubao wa juu wa kaunta yakiwa makavu. Wala haikuwa taabu. Ilikuwa supu ya kumfanya mtu asamehe ndugu zake.

Halafu mwezi wa pili akashikwa na mafua. Akafunga siku nane. Aliporudi, supu ilikuwa nyeupe ileile, nzito ileile, na chumvi, jamani! Siku ya kwanza nilidhani mkono umeteleza. Siku ya nne nilidhani nimemkosea. Wiki ya pili nikamwona kwa macho yangu anachota upawa mmoja wa sosi, anasita, anaongeza nusu.

Kiti cha kwanza, karibu na sufuria, ni cha Mzee Nunokawa, fundi mikeka, miaka sabini na minne. Huja kila siku saa tano kamili, pazia la mlangoni likipandishwa tu kuonyesha duka liko wazi. Ana shinikizo la damu, na daktari wake alishamwambia chumvi aione kwenye picha. Siku moja akanywa supu yote, jasho linamtoka, akapandisha bakuli lake juu, akafuta kaunta kwa kitambaa, akasema:

"Mama Fusae, supu ya siku hizi ina nguvu kwelikweli."

Kwa Kyoto, hicho ni kilio cha kuita zimamoto. Mtu wa hapa angekisikia akaanguka magoti. Lakini Mama Fusae ni mtoto wa Miyazaki.

"Asante, Mzee!" akajibu, uso umechanua. "Basi kesho nitakuongezea!"

Mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka nje, akaikumbatia mashine ya vinywaji.

Hatari kubwa ilikuwa wageni. Mtu katoka Tokyo kutembea, hajasoma karatasi ya ukutani, anaonja, anashtuka, anaacha nusu bakuli na kwenda kupiga picha mahekalu. Hapo ndipo Bi Umezu alipojitoa mhanga. Bi Umezu ndiye mwenye nyumba ya kuogea ya mtaa, mama nadhifu, sauti ya hariri, hukaa kiti cha tisa karibu na mlango. Mgeni akigeuza mgongo tu, Bi Umezu alilivuta bakuli lile, akanyoosha mkono nje ya mlango, akaimwagia supu ile mimea ya chunguni. Kisha analipandisha bakuli kwenye ubao, jeupe, safi, na kusema, "Huyu mgeni alikuwa na njaa, maskini."

Baada ya siku kumi ile mimea ikawa mifagio.

Jumatatu duka hufungwa. Jumatatu hiyo saa kumi jioni tukakutana kwa Bi Umezu, kwenye kile chumba cha kupumzikia baada ya kuoga, nywele mbichi, kila mtu na chupa yake ya maziwa ya kahawa. Tulikuwa saba. Ajenda moja.

"Mimi naona tumpelekee zawadi ya sukari," akaanza Bi Umezu. "Ataelewa."

"Ataelewa nini?" nikauliza.

"Kwamba kuna vitu vingine duniani zaidi ya chumvi."

"Mama, yule ataitia kwenye chai na kukushukuru!"

Mzee Nunokawa akakohoa. "Tunaweza kumwandikia kadi. Tukamwambia kwamba mwaka huu masika yamechelewa, na kwamba sisi sote tunaikumbuka sana supu ya vuli."

Watu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Wallahi walipendezwa! Mmoja akasema kadi iwe na picha ya theluji inayoyeyuka.

"Ninyi watu," nikasema, "Mzee atakufa na kadi iko posta."

"Osaka," akaniita Bi Umezu, maana hapa ndilo jina langu, jina la kwetu hawajawahi kulihangaikia, "tatizo si kumwambia. Tatizo ni karatasi. Wewe ukiacha supu, na mwingine akapata moyo akaacha, na mwingine, yatafika kumi. Na yule mwanamke akisema kitu anakifanya. Atafunga. Mwanawe kule Nagoya anamwita kila mwezi akakae naye. Duka likifungwa leo, kesho hapa kutafunguliwa sehemu ya kunyoa mbwa."

  Mtu unaweza kuishi na chumvi. Kuishi bila ile sufuria inayoongea chini ya sakafu asubuhi, hilo sikuwa nimelifikiria.

"Lakini Mzee ana presha," nikasema taratibu.

"Mimi nimeshaishi vya kutosha," akasema Mzee Nunokawa, kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.

"Si wewe uliyesomea mambo ya lishe, Osaka?" akauliza mtu.

"Nusu. Niliacha mwaka wa pili."

"Basi mwambie nusu."

Wakacheka, wakamaliza maziwa yao, wakakubaliana kuhusu kadi. Walibishana mpaka giza likaanza kuingia kama theluji iwe kwenye mlima au kwenye paa la nyumba.

Jumanne saa tano na robo nilikuwa kiti cha tano. Viti vyote tisa vimejaa. Nikala tambi, nikala kuku, nikala majani ya kitunguu. Kisha nikaweka vijiti chini, nikalinyanyua bakuli likiwa na supu nusu nzima, nikalipandisha kwenye ubao wa kaunta. Likagonga ko.

Kushoto kwangu mtu akaacha kutafuna. Mzee Nunokawa alikuwa ameinua tambi, zikabaki zinaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

Mama Fusae akalitazama bakuli. Akanitazama mimi.

"We Osaka, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeachwa na mtu?"

"Ningekuwa na wa kuniacha ningemtambulisha. Mama, supu ina chumvi. Ina chumvi ya kuhifadhia samaki. Tangu ulipougua mafua."

Bi Umezu akafunga macho. 

Mama Fusae akaweka mwiko chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mzee Nunokawa," akasema, "ni kweli?"

"Mimi ulimi wangu ni wa zamani," akajibu Mzee. "Si wa kutegemewa."

"Bi Umezu?"

"Jamani, leo hali ya hewa…"

"Bi Umezu!"

"Kidogo," akasema Bi Umezu, kwa sauti ndogo kama uzi. "Kidogo sana. Mimea imekufa."

Nilitegemea hasira. Nilishaanza kuwaza nitahamia wapi. Badala yake Mama Fusae akavuta kiti cha plastiki anachokanyagia kufikia rafu ya juu, akakikalia. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona amekaa na wateja wamo ndani.

"Sinusi kitu," akasema. "Tangu mafua. Pua ilikwenda, ulimi ukaifuata. Nikilamba sosi ni kama nalamba dirisha. Daktari kasema huenda vikarudi, huenda visirudi. Sikutaka kuwaambia, mngeanza kunionea huruma, na huruma haiuzi rameni. Nikajiambia, Fusae, pua huna, lakini mabakuli unayo. Masikio yatakupikia supu, mabakuli yatakupimia chumvi. Nikaongeza sosi kidogo, nikaangalia. Mabakuli matupu! Nikaongeza tena. Matupu! Nikasema kumbe hawa watu walikuwa na njaa ya chumvi miaka kumi na miwili, wananyamaza kwa adabu!"



"Miaka ishirini na miwili kwenye wodi," akaendelea, na sasa alikuwa ananyoosha kidole, kiti kwa kiti, kuanzia cha kwanza, "watu wenye homa, watu wenye mirija puani, hakuna sahani iliyowahi kunidanganya. Mmekuja ninyi wazima wa afya, mmeyafundisha mabakuli yangu kusema uongo!"

Aliyecheka kwanza ni Mzee Nunokawa. Alijaribu kukimeza kicheko, kikampalia, kikamtokea puani na kipande cha tambi. Tukamfuata wote. Bi Umezu alicheka huku anaomba radhi kila baada ya pumzi mbili.

Mama Fusae hakucheka. Akasimama.

"Sasa leo," akasema, "kila mtu aache anachotaka kuacha. Nataka kuona."

Basi likaja bakuli la Mzee Nunokawa, na supu vidole vitatu. La jirani yake. La Bi Umezu, lililojaa karibu lote. Ko, ko, ko. Tukayahesabu kimoyomoyo, tisa juu ya ubao, yamejipanga kama watoto waliovunja dirisha.

Akaingia mteja wa kumi, mama mmoja aliyevaa sare ya posta, ambaye hakujua lolote. Akanunua tiketi, akakaa kiti nilichompisha. Akala. Akahisi macho ishirini mgongoni. Akaonja supu, akaonja tena kama anayedhani kosa ni lake. Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, kistaarabu kabisa, akalifikisha mdomoni. Bi Umezu akanong'ona, "Mwenzangu, usijiue."

Mama wa posta akalishusha. Akalipandisha kwenye ubao.

Kumi.

Mama Fusae akatoka nyuma ya kaunta, akaenda moja kwa moja ukutani kwenye karatasi yake. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.  Mzee Nunokawa akainuka. Nasema akainuka, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuomba hata kijiko bila kuzunguka mlima mzima.

"Usifunge," akasema.

Neno moja. Kwa Mzee Nunokawa ilikuwa sawa na kuvua nguo hadharani. Masikio yalimwiva.

Mama Fusae akageuka, akamtazama.

"Nani kasema nafunga?" akauliza. "Hiki kiapo kaandika mwanamke mwenye pua. Yule ndiye aliyekwenda zake. Aliyebaki ni mimi, na mimi sijaapa kitu." Akaibandua karatasi, ikatoka na rangi ya ukuta, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa aproni. "Ninachotaka ni kuazimwa pua. Nani ataniazima?"

Wote wakanyoosha vidole kwangu.

"Osaka mdomo anao," akasema Mama Fusae, "lakini pua yake huamka saa sita mchana. Na ladha yangu ya zamani haijui vizuri, kaikuta njiani. Namtaka aliyekunywa tangu siku ya kwanza." Akamwelekea Mzee. "Saa nne na nusu kila siku, kabla sijapandisha pazia. Kikombe kidogo, cha kuonja tu, daktari wako hatakasirika. Lakini lazima useme kweli."

"Nitajitahidi," akasema Mzee Nunokawa, kwa uso wa mtu aliyeambiwa avuke barabara kuu kwa magoti.

Jumatano niliamka mapema makusudi. Sufuria ilishafika kwenye bwata, ikazimwa. Nikalala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye mbao. Chini nikasikia mlango wa kuteleza, salamu, kiti kikivutwa, kikombe kikiwekwa mezani. Kisha mfyonzo mmoja mrefu.

"Ehe, Mzee?"

Kikombe kikazungushwa mezani.

"Mzee, mimi nasubiri."

"Supu hii," akasema Mzee Nunokawa, "inanikumbusha pwani ya Wakasa. Nilikwenda huko nikiwa kijana."

"Kwa hiyo chumvi imezidi."

"Sijasema hivyo. Ni pwani nzuri sana."

"Imezidi kiasi gani?"

"Siwezi kusema imezidi. Kulikuwa na upepo mzuri."

Nikasikia Mama Fusae anavuta pumzi, pumzi ya mtu anayehesabu mpaka kumi. Nusura nipige sakafu kwa ngumi. Kisha sauti yake ikaja, taratibu, imebadilika kabisa:

"Mzee, ulikaa siku ngapi huko pwani?"



"Siku mbili," akasema Mzee. "Tatu, tukihesabu na ya safari."

"Haya. Napunguza vijiko vitatu."

Kijiko kikagonga chombo. Supu ikamiminwa upya. Mfyonzo.

"Sasa?"

"Sasa tumeshashuka kwenye treni. Tuko stesheni ya Kyoto."

"Kijiko kingine kimoja, basi?"

"Nusu. Kutoka stesheni mpaka nyumbani kwangu si mbali."

Kijiko. Supu. Safari hii mfyonzo ulikuwa mrefu, ukafuatwa na mwingine ambao hakuombwa, na mwingine, mpaka nikasikia kikombe kinagonga meza kwa sauti ya kitu kilichoisha.

"Mzee," akasema Mama Fusae, "hicho umekimaliza kwa sababu ni kitamu, au kwa sababu ya adabu?"

"Adabu," akasema Mzee Nunokawa, "ingenitaka nisubiri mpaka saa tano. Niwekee tambi."